Turejeshe bata kwenye mabwawa tuliyoyatelekeza

Vijana wetu wana msemo wao siku hizi. Mtu akipokea mshahara, au akipata nafasi ya kustarehe mwisho wa juma, wao husema kwamba fulani "anakula bata". Msemo huo umeenea hadi hapa kwenye makutano ya Kanduyi, ambako waendeshaji wa bodaboda huutumia kutwa kucha huku malori ya kuelekea Malaba yakiwapita. Siku moja niliwauliza wachache miongoni mwao, wawili kati yao nikiwa nimewafundisha kusoma na kuandika, iwapo wamewahi kumla bata mwenyewe, yule mwenye manyoya na mdomo bapa. Walicheka. Mmoja akanijibu, "Mwalimu, bata ni ndege wa kutazamwa tu." Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwonja.

Jibu hilo lilinikaa moyoni, na ndilo linalonifanya nichukue kalamu leo. Nikiri mapema kwamba mimi si daktari wa mifugo wala si bwana samaki. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, nikastaafu, na sasa ninaishi katika ploti ya futi 50 kwa 100, mwendo mfupi kutoka Uwanja wa Masinde Muliro. Uani kwangu nina bata kumi na wanne. Yote nitakayoyasema humu nimeyapata kwa kuwafuga hao, kwa kuwauliza wanaojua zaidi yangu, na kwa kufanya makosa, mengine ambayo ningali nayaonea haya.

Sisi wa Bungoma, kama ndugu zetu wote wa Magharibi, ni watu wa kuku. Mgeni akiingia, kuku huchinjwa. Firigisi ina mwenyewe nyumbani, na ole wake mtoto atakayeidokoa jikoni. Zamani hata kulikuwa na miiko iliyowakataza wanawake kumla kuku, miiko ambayo mama zetu waliishika na binti zetu wameitupa, na sioni sababu ya kuililia. Kuku, basi, ana nafasi yake katika mila. Bata hana. Sijawahi kuona mkwe akichinjiwa bata, na nadhani ningethubutu kumwandalia mkwe wangu nyama hiyo angeondoka usiku huo huo. Ndiyo maana bata amebaki nyuma ya nyumba, hana banda wala chakula maalumu, akiachiwa ajitafutie riziki kwenye matope yanayotoka jikoni.

Hata hivyo, kideri kinapopita vijijini ndipo mtu hutambua alichokidharau. Ugonjwa huo unaweza kufagia kuku wa boma zima kwa siku chache. Bata naye huambukizwa virusi vyake, lakini kwa kawaida hauguzwi navyo kama kuku. Nimeona boma ambalo asubuhi lilikuwa na majogoo ya kuwika na baada ya juma moja halikuwa na kiumbe chenye mabawa isipokuwa bata watatu waliokuwa wakitikisa mikia yao kana kwamba hakuna kilichotokea. (Jambo hilo lina ubaya wake, maana bata huyo huyo asiyeugua anaweza kumwambukiza kuku. Nitalirudia.)

Lakini sikusudii kumsifu bata bure bure. Hoja yangu inahusu maji. Nasema kwamba katika nchi hii tulichimba maelfu ya mabwawa bila kumweka mtu wa kuyatazama, kwamba mengi ya mabwawa hayo sasa ni hatari, na kwamba bata ni njia rahisi ya kumrudisha mwenye bwawa kwenye bwawa lake. Na nasema kwamba shule zina sehemu kubwa katika kazi hiyo.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka mwaka wa 2009. Katika bajeti ya mwaka huo Serikali ya mseto, chini ya Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga, ilianzisha Mpango wa Kufufua Uchumi. Sehemu mojawapo ya mpango huo ilikuwa ufugaji wa samaki. Yaliteuliwa maeneo bunge 140, na katika kila eneo ikakusudiwa kuchimba mabwawa 200, kila moja likiwa na ukubwa wa mita 300 za mraba. Mwanafunzi wa hesabu ataona mara moja kwamba hayo ni mabwawa 28,000. Vijana walilipwa kwa kuchimba, vifaranga vya ngege na kambare vikatolewa, na chakula cha kuanzia kikaletwa kwa magunia. Lilikuwa wazo jema. Huku kwetu, ambako samaki alikuwa akitoka ziwani kwa gari akiwa amekwisha kukauka au kuchoka, watu wengi walifurahi.

Shule niliyokuwa nikifundisha ilipata bwawa moja mwaka wa 2010. Tulilichimba nyuma ya madarasa, karibu na chemchemi, na watoto walilishangilia kama wanavyoshangilia timu yao ya kandanda. Mavuno ya kwanza tuliyala pamoja, walimu na wanafunzi, kwa ugali, na siku hiyo sikusikia mtoto akiomba ruhusa ya kwenda nyumbani mapema. Mavuno ya pili yalikuwa haba. Mavuno ya tatu hayakuwako. Chakula cha bure kilikuwa kimekwisha, na kilichouzwa madukani kilitushinda bei. Kisha ikaja likizo ya Desemba, shule ikafungwa, na tuliporejea mwezi wa Januari tulikuta nyavu zimeibwa, korongo wamesimama ukingoni kama wakaguzi, na maji yamegeuka rangi. Hakuna aliyepigiwa simu. Hakuna aliyeulizwa. Bwawa lilikuwa la wote, kwa hiyo halikuwa la yeyote.

Miaka mitatu baada ya kuchimbwa, bwawa hilo lilikuwa limezungukwa na nyasi ndefu kiasi kwamba mtu mgeni hangejua liko. Siku moja wakati wa mapumziko mtoto wa darasa la pili alifuata mpira, nyasi zikamficha, na wenzake wakasikia mlio wa maji. Aliokolewa na mama mmoja aliyekuwa akifua nguo kwenye chemchemi, ambaye aliruka ndani na gauni lake na kumvuta kwa mguu. Mtoto huyo sasa ni mwanamume mzima, na nikikutana naye mjini hunisalimu kwa adabu. Mimi kila mara huutazama mguu ule. Nilikuwa mwalimu wa zamu siku hiyo. Nilikuwa nimeketi katika chumba cha walimu nikisahihisha madaftari.

Hatari ya mabwawa yaliyotelekezwa haiishii hapo. Kuna mbu. Watafiti waliofanya kazi katika eneo la Kisii walichapisha mwaka wa 2007 matokeo ya kupendeza sana: walipoweka ngege katika mabwawa yaliyokuwa hayana samaki, viluwiluwi vya mbu waletao malaria walipungua kwa zaidi ya asilimia 94. Mwaka uliofuata wakachapisha upande wa pili wa habari hiyo. Walilinganisha mabwawa yanayotunzwa na yale yaliyoachwa, wakaona kwamba yaliyoachwa yalikuwa na mbu hao kwa wingi zaidi. Maana yake ni kwamba bwawa lenye samaki na mtunzaji humpunguza mbu, ilhali bwawa lile lile likiachwa humlea. Sisi tuishio Bungoma hatuhitaji kuelezwa malaria ni nini. Kila mwalimu anajua jinsi daftari la mahudhurio linavyokuwa baada ya mvua za masika.

Sasa bata anaingia wapi? Samaki hana sauti. Akishinda njaa hutamwona, akifa atazama au ataliwa na mwenziwe, na wewe utaendelea na shughuli zako ukidhani una samaki 1,000. Bata hakuruhusu kusahau. Bata wa kwetu, huyu mwenye nyama nyekundu usoni, hapigi kelele kama bata wa vitabu vya Kizungu. Dume lake hufoka kwa pumzi kama tairi linalovuja. Lakini alfajiri atakuja hadi mlangoni, atatikisa kichwa na mkia, na hatabanduka mpaka umtoe njiani kwa chakula. Jioni hali kadhalika. Ukimfuga kando ya bwawa, basi mara mbili kwa siku utakwenda bwawani, upende usipende. Utaona ukingo ulipobomoka. Utaona nyasi zilipokua. Utamwona mtoto anayechezea mahali pasipofaa.

Aidha, bata hufanya kazi. Hula magugu ya majini, hula viluwiluwi, na hula konokono, ambao baadhi yao hubeba vijidudu vya kichocho na wengine minyoo ya ini inayodhoofisha ng'ombe wetu. Kinyesi chake kikianguka majini huotesha mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, ambayo ni chakula cha ngege. Wachina wamelijua jambo hili tangu enzi na enzi. Huko Japani mkulima Takao Furuno alianza mwaka wa 1988 kuwaachilia bata katika mashamba yake ya mpunga ili wapalilie na kuua wadudu, na wakulima wa nchi nyingi za Asia wakamfuata. Hakuna uchawi katika mambo hayo. Ni kiumbe kimoja kula takataka za kingine, somo ambalo kila mwanafunzi wa sayansi hulikariri kwa mtihani na kulisahau langoni.

Huyu bata wetu tunayemwita wa kienyeji, kwa kweli, si mwenyeji. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, ambako alifugwa na wenyeji kabla ya Wazungu kufika huko. Ana kucha kali, hupenda kulala juu ya mti au paa, na jike lake huruka vizuri, kwa hiyo hukatwa manyoya ya bawa moja. Akianza kulalia mayai hukaa siku 35, si 21 kama kuku, wala si 28 kama bata wengine. Wengi hukata tamaa siku ya thelathini na kuyatupa mayai wakidhani ni viza. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mara ya kwanza. Yai moja lilipasuka mkononi mwangu, na ndani yake mlikuwa na kifaranga hai.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, lilikuwa jingine, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu linawahusu watu wengi kuliko wafugaji wa bata.

Mwishoni mwa mwaka wa 2019 mvua ilinyesha kupita kiasi katika Afrika Mashariki nzima. Mahindi yangu machache yalilowa uani, nikayaanika, yakalowa tena. Nilipoyapukuchua nilitenga yaliyoota kuvu. Ya kijani na ya kijivu niliyaweka kando, kama tunavyofanya sote, nikayasaga yawe chakula cha ndege. Nilikuwa na vifaranga vya bata 22 vilivyokuwa na umri wa majuma mawili. Siku ya tatu vilianza kuzubaa. Siku ya tano vilikuwa vikianguka chali na kupiga miguu hewani. Mjukuu wangu, ambaye alikuwa amevipa majina yote 22, aliniuliza, "Kuka, wamelogwa?" Nilimwambia hapana, lakini sikuwa na jibu la kumpa. Vilibaki vitatu.

Afisa wa mifugo aliyenitembelea aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, umewalisha nini?" Nilipomwonyesha unga ule alitikisa kichwa. Ndipo nilipojifunza kwamba kifaranga cha bata ni miongoni mwa viumbe vinavyodhurika upesi mno na aflatoksini, ile sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na njugu. Sumu hiyo yenyewe iligunduliwa kupitia ndege wa kufugwa. Mwaka wa 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya njugu yaliyoharibika. Mwaka huo huo maelfu ya vifaranga vya bata walikufa katika shamba moja la Bonde la Ufa, hapa hapa Kenya, kwa sababu kama hiyo. Wanasayansi walipotaka baadaye kupima iwapo chakula fulani kina sumu hiyo, walikilisha kifaranga cha bata cha siku moja na kulichunguza ini lake. Kifaranga kilikuwa ndicho kipimo cha maabara.

Sasa fikiri, msomaji. Mahindi niliyoyatenga na yale niliyoyaweka jikoni yalitoka shamba moja, yakanyeshewa na mvua moja, yakakaa kwenye turubai moja. Tofauti yake ilikuwa ile niliyoiona kwa macho yangu ya uzeeni tu. Mwaka wa 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Hawakula mahindi yaliyooza kwa kupenda. Walikula walichokuwa nacho. Sisi wa Bungoma na wenzetu wa Kitale, tunaojivunia kuilisha nchi mahindi, huona fahari kuzungumzia magunia, lakini ni nadra kusikia tukizungumzia unyevu. Ningependa kila mwalimu wa Kilimo awaambie wanafunzi wake habari ya vifaranga vyangu 19. Niko tayari kuja darasani kuieleza mwenyewe, ingawa si habari ya kujivunia.

Niliyateketeza mahindi yale yote, ya kuku na ya watu. Mke wangu alinuna siku mbili.

Tangu wakati huo nimekuwa mwangalifu. Vifaranga huvilisha unga mzuri uliochanganywa na omena iliyosagwa na mboga za majani, kwa kuwa mahindi matupu hayana ya kutosha ya vitamini moja ambayo kifaranga cha bata huihitaji kuliko cha kuku. Akiikosa, miguu yake hupinda na hawezi kusimama. Jirani yangu huwapa wake machicha ya busaa. Wanayapenda, na jioni huonekana wakitembea kama wateja wa mwenye busaa. Sina hakika kama jambo hilo linafaa, na nimemwambia hivyo.

Watu husema kwamba bata hafundishwi kuogelea. Hilo si kweli, au si kweli lote. Kifaranga kilichoanguliwa na mama yake hupata mafuta kutoka kwenye manyoya ya mama, na mafuta hayo huzuia maji yasimpenye. Kilichoanguliwa chini ya kuku, kama tunavyofanya mara nyingi, hakina mafuta hayo. Ukikitupa bwawani siku ya pili kitalowa, kitapata baridi na kitakufa, huku kuku wa watu akizunguka ukingoni akilia. Maji ya kuogelea yangoje. Maji ya kunywa ndiyo yasiyoweza kungoja, nayo lazima yawe na kina cha kumwezesha kuzamisha kichwa chote, maana ndivyo anavyosafisha macho na pua.

Hapo ndipo ningependa kuwatuliza wale waishio kwenye ploti ndogo kama yangu. Usichimbe bwawa. Nasema tena, usichimbe. Katika ploti ya futi 50 kwa 100, yenye choo, kisima na watoto wa wapangaji, bwawa halina mahali. Mimi nina karai mbili kubwa na pipa la plastiki lililokatwa nusu na kuzikwa ardhini hadi ukingoni. Kila asubuhi mjukuu wangu humwaga maji ya jana kwenye sukuma wiki na kutia mengine. Mbu huhitaji juma moja hivi au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo maji yanayomwagwa kila siku hayampi nafasi. Na sukuma wiki zangu, bila kujisifu, zinaombwa na mtaa mzima.

Kwa mwenye bwawa tayari, mambo ni mengine. Bata wakizidi, kinyesi chao huzidi, na kinapooza huitumia hewa iliyomo majini. Usiku, jua likiwa halipo na mimea ya majini ikiwa haitoi oksijeni, samaki hukosa pumzi. Ukienda alfajiri ukawakuta wamepanda juu na kufungua vinywa, punguza bata siku hiyo hiyo, usingoje wataalamu. Katika bwawa la mita 300 za mraba mimi nisingezidisha bata 20, na ningengoja samaki wakue kwanza, kwani bata akikuta vifaranga vya samaki hatauliza ni vya mradi gani.

Sikatai kwamba kuna hoja za upande wa pili. Mwezi wa Januari mwaka wa 2017 homa ya ndege iligunduliwa Uganda, kwanza kwa ndege wa mwituni kandokando ya Ziwa Victoria, kisha kwa bata na kuku wa kufugwa katika Masaka, na Kenya ikafunga mpaka kwa kuku wa kutoka huko. Malaba si mbali na kwetu. Bata anaweza kuvibeba virusi vya aina hiyo asionyeshe dalili, kama anavyovibeba vya kideri. Kwa hiyo bata na kuku wasilale banda moja, wasinywe karai moja, na ndege wafao ghafla kwa wingi waripotiwe kwa maofisa badala ya kupelekwa sokoni. Najua sentensi hiyo ya mwisho haitawapendeza baadhi ya wafanyabiashara. Naiacha ilivyo. Kuhusu harufu, ambayo majirani hulalamikia, ni haki yao kulalamika: harufu ni dalili ya maji yasiyobadilishwa, na mfugaji wa namna hiyo anastahili kuambiwa.

Kuna pia hoja ya soko. Ni kweli kwamba Kanduyi hakuna foleni ya wanunuzi wa nyama ya bata. Lakini yai la bata ni kubwa kuliko la kuku, hufaa sana kwa mandazi na keki, na likipikwa likaiva vizuri mtoto hatatambua tofauti. Mwanamke mmoja mwenye kioski karibu na stendi huchukua yote ninayomletea. Hanunui kwa huruma, kwa sababu ananilipa pungufu na kuniombea punguzo zaidi.

Nirudi sasa shuleni. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 na kuchukua hatua kwa hatua nafasi ya ule wa 8-4-4 wa mwaka 1985, unataka mtoto afanye kwa mikono yake na si kukariri tu. Vilabu vya 4K, ambavyo baadhi yetu tulikulia ndani yake, vilizinduliwa upya mwaka wa 2021. Kwenye karatasi, basi, kila kitu kipo. Lakini nimeona miradi ya shule ikigeuka kuwa miradi ya wazazi. Mtoto anaambiwa alete sungura wa udongo, mama anakwenda kutafuta udongo, baba anamfinyanga sungura, mtoto anapata alama. Na pale ambapo mradi ni wa kweli, kama bwawa letu la 2010, hufa Desemba.

Desemba ndilo swali. Mwalimu mkuu yeyote anayesoma makala haya anajua nasema nini. Nani atawalisha mnyama au ndege wa shule wakati watoto wako nyumbani na walimu wameshapanda magari? Mlinzi wa usiku hulipwa kulinda madirisha. Mimi naona jibu lake ni kupunguza ukubwa wa mradi mpaka uweze kubebwa. Bwawa haliwezi kwenda nyumbani likizoni. Bata wanne ndani ya tenga wanaweza. Shule ikiwa na bata kumi na wawili, familia tatu za wanafunzi zitawachukua wanne wanne kwa likizo, zitakula mayai yatakayotagwa, na kuwarudisha shule inapofunguliwa. Atakayerudisha watatu ataeleza yule wa nne alikwenda wapi, na hilo nalo ni somo la insha.

Na mabwawa? Lile lisilo na mtu wa kulitunza lifukiwe. Nasema hivyo nikijua kwamba fedha za umma zililichimba. Lile linaloweza kutunzwa lizungushiwe ua kwanza, kabla ya bata, kabla ya samaki, kabla ya picha za wageni mashuhuri. Vijana wanaotaka utaalamu wa samaki wana Shamba la Samaki la Chwele katika kaunti hii hii, na wakulima wana kituo cha mafunzo cha Mabanga. Si lazima kila kitu kianzie Nairobi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye mkutano wa bodi ya shule yangu ya zamani, nikiwa mgeni. Lile bwawa la 2010 bado liko. Nyasi zimefyekwa upande mmoja, na kuna kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti, ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kupita chini yake bila kuinama. Niliomba nafasi ya kusema, nikawaambia niliyowaambia ninyi hapa, kwa ufupi zaidi. Mzee mmoja aliuliza kama bata watakuwa wa shule au wa mwalimu mkuu. Wengine wakacheka, lakini swali lilikuwa zuri na halikupata jibu. Mwenyekiti alisema ua utajadiliwa katika mkutano ujao.

Jike langu moja linalalia mayai kumi na moja chini ya ngazi ya tangi la maji. Mjukuu ameandika tarehe ukutani kwa mkaa, na leo ni siku ya kumi na tisa. Nimeiahidi shule nusu ya vitakavyoanguliwa, kwa sharti kwamba ua utangulie. Siku ya kwanza vikifika mimi ndiye nitakayekuwa wa zamu.